Ile meseji ya "siri za Vatican" kwenye muvi za kijasusi

Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, inasema muvi za kijasusi zimejaa alama za siri za Kikatoliki, funguo mbili, pete, majoho mekundu, eti Kanisa lenyewe linawafungulia watengeneza muvi milango ya Vatican ili lipitishe ujumbe wake. Jamani tutulie kidogo. Chukua Mission: Impossible III ya 2006, ina sehemu ndefu ya Vatican, ila zile kumbi na ngazi za marumaru ni za kasri la kifalme la Caserta karibu na Naples, lilianza kujengwa 1752 kwa ajili ya mfalme, sio Vatican kabisa. Kucheki ni rahisi tu, acha muvi iishe usome yale maandishi ya mwisho, mara nyingi sehemu walizoshuti zimetajwa pale, halafu tafuta picha za Caserta ulinganishe. Na zile funguo mbili sio siri, ziko kwenye bendera ya Vatican.

Watu wanachanganyikiwa, na naelewa kabisa, maana ukishaambiwa utafute msalaba utauona kila mahali, na Roma makanisa yako kila kona sasa kamera itayakwepaje? Tena kiti cha maungamo watu wawili wananong'ona bila kuonana uso, kwa stori ya majasusi hapo ni pazuri mno. Wakatoliki ni ndugu na majirani zetu, meseji hizi zinawatilia shaka bure. Ikikufikia usiiforwadi, na aliyekutumia mweleze taratibu hiyo habari ya Caserta.