Kuprogramu si kubonyeza

Shule ya msingi ikipata boksi la vifaa vya micro:bit (vibao vidogo vya elektroniki vya kufundishia), iwe Mbeya au Iringa, haichukui muda utasikia: "Watoto wetu sasa wanafanya koding," yaani wanaprogramu. Ukienda kutazama, mtoto wa darasa la nne anabonyeza kitufe, taa zinachora moyo, wageni wanapiga makofi. Programu ya moyo huo iliwekwa na mtu mzima kabla kipindi hakijaanza. Huyo mtoto ni mtumiaji, kama mimi ninavyotumia simu.

Kuprogramu ni kukipangia kifaa amri na masharti ili kifanye ulichokusudia bila kukisimamia. Amri hizo zikitegemea joto, mwanga au mtikisiko, na jibu likatoka kwa taa, sauti au mota, hapo unaprogramu vitu vya kushikika. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kinachosumbua ni mahali pa kuweka mpaka. Lugha ya Logo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967, ilikuja kutumiwa na watoto kumwongoza roboti aliyeitwa kasa, akitembea sakafuni. Kasa akienda kombo, mtoto alirudi kwenye amri zake kutafuta alipokosea. Kurudi huko ndiko somo lenyewe. Micro:bit, iliyogawiwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, inafuata njia hiyohiyo: ina vitufe viwili vya kuprogramu, taa 25, na programu ikishaingizwa kwa kutumia kompyuta au simu inabaki humo hata betri zikitolewa. Ndiyo maana mtoto anaweza kutoka nayo darasani mpaka bustani ya shule.

Chukua shule ya Makete wakati wa kipupwe. Watoto wanataka kifaa kiwape ishara baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, maana jalidi inaunguza viazi. Wanapachika vipande vya amri: kama joto ni chini ya 5, washa taa. Asubuhi nyasi ni nyeupe, taa hazijawaka. Sababu ni kwamba kifaa hiki hakipimi hewa moja kwa moja. Kinasoma joto la chipu yake (kile kipande kidogo kinachotekeleza amri), na chipu ikifanya kazi hupata joto kidogo. Mtoto anayekiweka kando ya kipimajoto cha kawaida, akaona tofauti, kisha akarekebisha ile 5, huyo ameprogramu. Aliyenakili amri zilezile kutoka ubaoni bila kujua kwa nini 5, bado.

Kwa hiyo, mwalimu, kwenye ripoti ya muhula huu andika tu kwamba wanafunzi wameoneshwa vifaa. Hakuna aibu, ndiyo hatua ya kwanza. Neno "koding" liandike siku mtoto atakapokuja kukwambia programu yake imegoma, naye anadhani anajua ni wapi.