Baraza Kuu haliamuru: kosa la maazimio ya wanafunzi

Katika mijadala ya kuigiza Umoja wa Mataifa, wanafunzi wengi wa Goma huamini kwamba azimio likipita, nchi zote zinalazimika kulitii. Sivyo. Baraza Kuu hupendekeza tu (bajeti ya Umoja wenyewe ni jambo jingine). Uamuzi unaozifunga nchi wanachama hutoka Baraza la Usalama, kwa ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ndilo lililounda MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini Kongo, mwaka 2010, kwa azimio namba 1925. Basi ukiwa Baraza Kuu andika "linahimiza" au "linaomba", kamwe si "linaamuru".

Udhaifu mkubwa zaidi wa maazimio ya wanafunzi uko kwenye vifungu vya utekelezaji, yaani vinavyosema nini kifanyike. "Kuwapatia wakimbizi wa ndani maji" ni maneno matupu. Taja nani atafanya, kiasi gani, kwa fedha zipi, na nani atakagua. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na watu wasiozidi 250 kwa robine moja. Kambi ya watu 10,000 itahitaji lita 150,000 kila siku na robine 40. Kwa Goma, Ziwa Kivu liko karibu, lakini maji yake bila klorini yanaweza kueneza kipindupindu. Kifungu kisichotaja klorini wala mafuta ya pampu kimeishia njiani.