Usiniulize Polima Inabeba Miligramu Ngapi

Mimi hupima risasi, ile metali yenye sumu, kwenye maji: nayapitisha kwenye punje za silika (kitu kama mchanga) zilizopakwa kitosani, polima itokanayo na maganda ya kaa na kamba wa baharini, ili zinase risasi. Nimeulizwa tena: "Hii silika yako uliyoipaka kitosani inabeba miligramu ngapi kwa gramu?" Nikijibu 50, mtu anakunja uso, maana kuna mahali amesoma habari za ile ya 300. Jamani.

Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Nikipitisha nusu lita ya maji yaliyofika kiwango hicho, risasi yote iliyomo ni maikrogramu 5. Kwenye kolamu, yaani kibomba maji yanamopita, nimeweka gramu 0.2 za silika, zenye nafasi ya maikrogramu 10,000. Nafasi imezidi mzigo mara 2,000, nawe bado unataka niongeze? Huko ni kukodi Fuso kupeleka fungu moja la nyanya sokoni. Anayesafisha maji taka ya kiwanda aulize swali hilo, ana haki. Mimi napima.

Kinachoniumiza kichwa ni kalsiamu. Kisima chenye miligramu 40 kwa lita kina kalsiamu mara 4,000 ya hiyo risasi kwa uzito. Kitosani huipendelea risasi, lakini wingi wa kalsiamu nao una nguvu zake katika kugombea nafasi.

Halafu kuna kuitoa risasi kwenye polima. Iliyonasa ikagoma kutoka hainisaidii. Mililita 5 za asidi ya naitriki zikiikomba yote, nimeikoleza mara 100, na mashine ya mwali (inayopima metali kwa moto) iliyokuwa haioni kitu sasa inaona. Polima inayong'ang'ania metali ndiyo husifiwa kwenye majedwali. Kwangu ni kero tupu. Na kitosani isiyofungwa kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha nyuzi zake, itayeyuka iondoke na asidi hiyo hiyo.

pH ya sampuli, yaani kipimo cha uasidi wake, irudishe 5 au 6 kabla ya kupitisha, hilo mnalijua. Pitisha na maji safi ya maabara kwa njia ile ile. Yakisoma risasi, shuku asidi yako kwanza.

Kuna jambo linanikera na sina dawa yake kamili. Tunahakiki njia kwa kutia sampuli risasi ya kiasi tunachokijua; ikirudi asilimia 97, tunashangilia. Lakini niliyotia asubuhi ni ioni huru, yaani chembe za risasi zisizoshikamana na kitu. Ile iliyokaa mtoni ikashikamana na mabaki ya majani yaliyooza yaweza kupita kwenye kolamu bila kunaswa, na hiyo 97 isinishtue hata kidogo. Kwa hiyo sehemu moja ya sampuli naichemsha na asidi kwanza ili risasi iliyoshikamana iachie, nyingine naiacha ilivyo. Majibu yakitofautiana, naandika yote mawili kwenye ripoti, mteja anune akitaka.