Jina la Esposito na watoto wa Annunziata

Esposito ni miongoni mwa majina ya ukoo yenye watu wengi zaidi nchini Italia, na makao yake hasa ni mji wa Napoli na mkoa wa Campania unaouzunguka. Watazamaji wa tamthilia wanamjua mwigizaji Giancarlo Esposito, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Napoli. Wapenzi wa pizza huenda wamesikia habari za Raffaele Esposito, mpishi anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemwandalia Malkia Margherita pizza mjini humo mwaka 1889. Kufanana kwa jina hakuwafanyi watu hawa kuwa ndugu. Hakuna babu mmoja aliyewazaa akina Esposito wote. Hili ni jina walilopewa watoto waliookotwa, mmoja baada ya mwingine, kwa karne kadhaa.

Mzizi wake ni Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Mtoto alikuwa amewekwa nje ya mlango wa kanisa, kando ya njia, au katika sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mjini Napoli sehemu hiyo ilikuwa kwenye ukuta wa Santa Casa dell'Annunziata, nyumba ya huruma yenye jina la Kupashwa Habari Bikira Maria, iliyoanzishwa katika karne ya 14 wakati wafalme wa nasaba ya Anjou wakiutawala mji.

Ukutani palikuwa na tundu, na ndani yake chombo cha mbao cha mviringo kilichozunguka kwenye mhimili. Waitalia walikiita ruota, gurudumu. Aliyemleta mtoto, awe mama mwenyewe, mkunga au jamaa, alimlaza humo, akakizungusha, akapiga kengele na kwenda zake. Upande wa ndani mwanamke wa zamu alimpokea. Hawakuonana uso kwa uso, na hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kifaa chenyewe: mtoto asitupwe mtoni wala kuachwa kwenye baridi, na aliyemleta asiulizwe chochote.

Kilichofuata ni kazi ya kalamu. Karani aliandika siku mtoto alipofika, umri wake kwa makadirio, nguo alizovaa, alama za mwilini, na kama alikuwa na kikaratasi au medali. Mtoto alibatizwa, akavishwa shingoni alama ya madini ya risasi iliyomtambulisha kuwa wa nyumba hiyo, kisha akakabidhiwa mwanamke wa kumnyonyesha, ndani ya nyumba au huko vijijini. Wengi mno hawakuishi. Maziwa ya kopo hayakuwapo, mwanamke mmoja alilazimika kunyonyesha vichanga kadhaa, na maradhi yalienea haraka. Mwenye kusoma madaftari haya asiyachukulie kama orodha ya majina tu, kwa kuwa kila mstari ni mtoto, na mara nyingi tarehe ya pili iliyoandikwa kando yake iko karibu sana na ile ya kwanza.

Jina la pili lilihitajika kwa sababu daftari lilidai. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, uliagiza maparokia yote yaweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na polepole majina ya ukoo ambayo zamani yalibadilika-badilika yakatulia. Mtoto asiyejulikana baba wala mama aliandikwa kwa hali aliyokutwa nayo. Akikua, akioa, akizaa, wanawe nao wakawa Esposito.

Ni kosa kudhani kwamba wote walikuwa watoto wa wasichana wasioolewa. Wapo waliozaliwa ndani ya ndoa, na wazazi wao waliwapeleka kwa njaa, au kwa sababu mama amefariki au maziwa yamekauka, wengine wakitumaini kurudi kuwachukua mambo yakiwa mazuri. Ushahidi wa matumaini hayo upo mjini Florence, katika Ospedale degli Innocenti, yaani Hospitali ya Wasio na Hatia, nyumba ya watoto walioachwa, jengo lililochorwa na Filippo Brunelleschi na kuanza kujengwa mwaka 1419. Makumbusho yake yanahifadhi medali na sarafu zilizokatwa vipande viwili: nusu moja ilibaki na mtoto, nusu nyingine na mzazi, ili siku ya kurudi ziunganishwe. Mtoto wa kwanza kupokelewa hapo alifika tarehe 5 Februari 1445, sikukuu ya Mtakatifu Agata, naye akaitwa Agata Smeralda. Nyumba hiyo nayo imezaa majina yake ya ukoo: Innocenti, Degl'Innocenti, Nocentini.

Kila mji, kwa kweli, ulikuwa na desturi yake. Roma kuna akina Proietti, Bologna akina Degli Esposti. Milano watoto wa hospitali kuu, iliyoanzishwa na Francesco Sforza, mtawala wa mji huo, mwaka 1456, waliitwa Colombo, kwa ajili ya njiwa aliyekuwa nembo ya hospitali hiyo. Hapa lazima tahadhari iwekwe. Baharia Cristoforo Colombo alizaliwa Genoa yapata mwaka 1451, mwana wa mfumaji wa sufu aliyejulikana kwa jina, na hospitali ya Milano ilikuwa bado haijakuwapo. Jina lilelile linaweza kuchipuka mahali pengi kwa sababu tofauti, na anayekuambia asili ya ukoo wako kwa kusikia jina tu anabahatisha.

Fikiria pia uzito wa jina la aina hii katika nchi ambayo jina la ukoo halisogei. Kwetu, Juma Ali Hamisi amebeba la baba na la babu, na mwanawe atabeba mengine. Kwa Mwitalia, jina aliloandikiwa kichanga ukutani liliwafuata wajukuu na vitukuu, likitangaza kila walipojitambulisha kwamba kuna aliyeachwa. Ndiyo maana wakati wa utawala wa Joachim Murat, mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, ilipigwa marufuku kuwapa watoto jina hilo, na makarani wakaanza kubuni majina mengine. Gurudumu la Annunziata lilifungwa mwaka 1875. Unyanyapaa wa makaratasi ulidumu zaidi: hadi sheria ya mwaka 1955 ilipoondoa majina ya wazazi kwenye vitambulisho na vyeti vya kawaida, asiye na baba wa kisheria aliweza kukutana na herufi N.N., yaani jina halijulikani, mahali pa jina la baba kila alipoomba kazi au shule. Kanuni za sasa za uandikishaji, za mwaka 2000, zinakataza kumpa mtoto asiyejulikana wazazi wake jina linalofichua asili yake.

Kwa wanaofuatilia ukoo wa Esposito, au wowote wa Kiitalia, njia ni kuanza na cheti cha aliye hai na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Eneo la Napoli lilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali mwaka 1809. Kwa Italia iliyoungana kwa jumla ni mwaka 1866. Picha za madaftari mengi zipo bure kwenye tovuti ya Antenati ya hifadhi za nyaraka za taifa. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia, kisha madaftari ya Annunziata yenyewe. Msinunue nembo za ukoo wa Esposito zinazouzwa mtandaoni kana kwamba kila mwenye jina hilo ametoka kwa mabwana waliokuwa na ngome. Mkifika kwenye mstari unaosema mtoto aliwekwa kwenye gurudumu, nakilini kila kilichoandikwa hapo: nguo, kikaratasi, jina la mwanamke aliyemnyonyesha na kijiji chake. Huyo mnyonyeshaji anastahili nafasi katika mti wa ukoo, kwa sababu mara nyingi yeye na mumewe ndio waliomlea mtoto hadi ukubwani.