Waya ulioanguka huenda bado una umeme

Upepo wa kiangazi ukivuma kule Mabogini na Kahe, waya wa kilovolti 33 au 11 unaweza kukatika ukalala kwenye vumbi bila cheche wala mlio. Watu wakiuona husema, "Huo umeshakufa." Sisi tunaoshughulika na ulinzi wa laini za umeme tunaomba sana kauli hiyo iachwe.

Laini hizi zina nyaya tatu. Hali ikiwa njema, ukijumlisha mikondo ya nyaya zote unapata karibu sifuri, kwa kuwa unaokwenda kwa waya mmoja hurudi kwa mingine. Rilei, yaani kifaa cha ulinzi kilichoko kwenye kituo cha kupoza umeme, hupiga hesabu hiyo muda wote. Jumla ikizidi kiwango kilichowekwa, ina maana kuna mkondo unaopita ardhini, na breka, yaani swichi kubwa ya laini, hukata umeme.

Tatizo ni ardhi kavu. Majaribio ya Marekani kwenye laini za kilovolti 12.5 yalionyesha kwamba waya ulioangukia zege lenye nondo ulipitisha takriban ampea 75, na kwenye nyasi zilizolowa 50. Kwenye mchanga mkavu na lami kavu ilikuwa sifuri. Hapo rilei haina cha kuona, ilhali waya una umeme kamili. Wala hatuwezi kushusha mno kiwango cha rilei, kwani hata laini isiyo na hitilafu ina tofauti ndogo za mikondo, na wateja wangekatiwa umeme kila mara bila sababu.

Linalonitia hofu zaidi ni breka zinazojirudisha zenyewe, ambazo hufungwa kwenye laini ndefu za vijijini. Tawi la mparachichi likigusa waya, breka hukata, husubiri sekunde kadhaa, kisha hurudisha umeme, pengine mara mbili au tatu. Kwa hiyo waya uliokuwa mfu ulipousogelea unaweza kuwa na umeme unapoinama kuushika.

Kaa angalau mita 10 mbali nao, na uwazuie watoto na mifugo. Ng'ombe yuko hatarini kuliko mtu, maana miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana na volti ya ardhini hutofautiana kati yake. Ukijikuta tayari uko karibu, ondoka kwa kuburuza nyayo zikiwa zimegusana.

Kisha piga simu TANESCO hata kama kwako taa zinawaka. Taja namba iliyoandikwa kwenye nguzo, na useme ni nyumba za upande gani taa zimefifia, kwa sababu waya mmoja ukikatika, walio mbele ya ulipokatika, upande ulio mbali na kituo, ndio hupata umeme hafifu. Kwa maelezo hayo mafundi hujua waanzie wapi.