Amenasa, kapachikwa, kabeba

Mimi ni mkunga, na kila asubuhi, kabla sijampima mama presha, nasikiliza kitenzi. Majina ya mimba hayanishughulishi sana. Kibendi, kitumbo, au "ball" ya vijana wa Nairobi, yote yanataja lile umbo tu. Kitenzi ndicho kinachonieleza aliyekaa mbele yangu amekuja na moyo gani.

Juzi binti mmoja alikaa ukingoni mwa benchi, amejitanda kanga hadi magotini. Aliniamkia, kisha akasema chinichini, "Nesi, nimenasa."

Ndege hunasa kwenye ulimbo, samaki kwenye wavu. Msichana anayesema hivyo ameshajiona windo, na aliyetega mara nyingi hayupo. "Kapachikwa mimba" linaniuma zaidi, na magazeti yanalipenda. Kinachopachikwa ni mpini wa jembe!

Wengine hawasemi kabisa. Kabla serikali ya Tanzania haijaruhusu, mwaka 2021, wanafunzi waliozaa warudi darasani, mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule, na mazoea ya kuficha yangalipo. Wanakuja na "tumbo linanisumbua". Mmoja alishapewa dawa ya minyoo kwingine, dawa ambayo sisi hatumpi mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana mimi nauliza waziwazi: mara ya mwisho uliona lini siku zako?

Maneno ya wazee yana heshima. Mja ni mtu. Mjamzito ni mtu aliyeongezewa uzito. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho kitinda mimba. Na mama hu-ji-fungua: hiyo -ji- ndogo inampa kazi yote yeye mwenyewe. Sisi wakunga tumezoea kusema "nimemzalisha". Mimi nimeacha.

Huku Kilombero mpunga ukivimba bua kabla suke halijatoka, wakulima husema umebeba mimba. Yule binti kwao wanalima, kwa hiyo nilipompa vidonge vya kuongeza damu nilimuuliza, "Mwanangu, mpunga ukibeba mimba mnaufanyaje?"

Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Hatuuachi ukose maji."

Akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga, akauliza arudi lini.