Meno ya kahawia Arumeru: maswali na majibu kuhusu floraidi, mfereji na maji ya kunywa

Mwanangu anapiga mswaki asubuhi na jioni, lakini meno yake yana rangi ya kahawia. Ni uchafu?

Si uchafu, na tafadhali usimgombeze. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyuka ndani ya maji. Meno ya kudumu ya mbele hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwe hadi karibu miaka 8. Floraidi ikizidi kipindi hicho, jino huota likiwa limeshaathirika, na mswaki hauliponyi. Ndiyo maana maji mazuri yakiwa machache, wanywe kwanza watoto wadogo.

Watu wazima nao wakinywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, viungo huuma na kukakamaa. Wapo watoto ambao miguu hupinda. Hapo usikae nyumbani ukisema ni maji tu: mpeleke hospitali mapema, kwani ukosefu wa vitamini D au kalsiamu pia hupinda miguu, na huo una tiba.

Nikichemsha, si yanakuwa salama?

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinakufa, kwa hiyo endelea kuchemsha. Floraidi haiondoki. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Dawa ya klorini pia haiitoi.

Nitajuaje kama iko kwenye maji yetu?

Kwa macho au ulimi huwezi. Maji meupe na matamu yanaweza kuwa nayo tele. Hupimwa maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4. Ombeni majibu ya vipimo kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ofisi ya wilayani, na muombe ya kila chanzo, maana chemchemi mbili jirani zinaweza kutofautiana sana.

Sasa tunywe nini?

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga kwenye tangi lenye mfuniko. Tangi likiwa dogo, yatunze kwa kunywa, uji na kupikia. Kufua na kuoga tumia ya bomba. Punguza magadi kwenye makande, au uyaache kabisa, kwa sababu nayo yana floraidi. Lipo pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Linafaa, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe.

Chemchemi nzuri tunayo, lakini kiangazi walio juu wanaigeuzia kwenye nyanya na vitunguu. Sisi wa chini tunabaki na kisima chenye floraidi.

Hili ni suala la afya sawasawa na la kilimo, na naomba lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji likiitwa hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga foleni: kwanza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo uzalishaji. Anayechepusha maji kumwagilia anahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Upande wa Usa River ni Bonde la Pangani.

Mkulima wa juu si adui, naye analipa ada ya shule ya watoto kwa nyanya hizo hizo. Kwa hiyo nendeni na hesabu. Sera ya Maji ya 2002 inataja lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400. Kaya ya watu 6 ni lita 150, yaani ndoo kubwa saba na nusu. Zidisheni kwa kaya zenu, mdai kiasi hicho kitolewe kwenye chanzo, juu ya banio (pale maji yanapogeuziwa kuingia mferejini), kabla ya zamu za mashamba kupangwa. Mnachodai ni kiasi kinachopimika, na kitaandikwa kwenye muhtasari.

Je, maji ya mfereji wenyewe yanafaa kunywa?

Bila kuchemsha, hapana. Na pale watu wanapooshea pampu za kupulizia dawa za nyanya, hata kuchemsha hakusaidii: sumu inabaki. Pampu ioshwe shambani, mbali na maji, na kijiji kiweke katazo hilo kwenye sheria ndogo.